Uzio Usioonekana na Mkono Unaojificha

Katika vitongoji vingi vya Marekani nyumba hazina ua kwa mbele. Ukipita mtaani unaona nyasi zilizokatwa vizuri zikishuka kutoka barazani hadi ukingo wa barabara, za nyumba hii zikiungana na za nyumba ile, bila ukuta, bila michongoma, bila geti. Katikati ya nyasi hizo unaweza kumwona mbwa mkubwa amelala, hana kamba wala mnyororo. Akikuona ananyanyuka, anakuja mbio akibweka, na hatua chache kabla ya kufika barabarani anasimama ghafla kana kwamba amegonga kioo. Kioo hakipo. Kilichopo ni waya uliofukiwa ardhini na kola iliyofungwa shingoni mwake.

Makala haya yanauhusu waya huo. Ninakusudia kujenga hoja kwamba uzio wa kielektroniki ni ukatili uliovishwa nguo za upole, na kwamba hata katika nchi zinazojinadi kuwapenda wanyama umepata msamaha kwa sababu moja kubwa: mkono wa anayeumiza hauonekani. Najua wapo watakaouliza kwa nini mhadhiri apoteze wino kwa ajili ya mbwa wa Wamarekani ilhali binadamu wana shida zao chungu nzima. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla sijamaliza.

Jinsi unavyofanya kazi

Mfumo wenyewe ni rahisi kuuelewa. Hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1973 kwa mtu aitwaye Richard Peck, na kutokana na ubunifu huo ikazaliwa kampuni ya Invisible Fence, ambayo jina lake limekuwa maarufu kiasi kwamba watu wengi huliita kila uzio wa aina hiyo. Waya mwembamba hufukiwa sentimita chache ardhini kuzunguka kiwanja. Ncha zake mbili huunganishwa na kisanduku kinachotumia umeme wa nyumba, nacho hupitisha katika waya mawimbi ya redio yenye nguvu ndogo. Mbwa huvalishwa kola yenye kipokezi, betri na vijiti viwili vya chuma ambavyo sharti vipenye manyoya na kugusa ngozi. Akiukaribia waya, kola hulia. Akiendelea mbele, humpiga shoti.

Mafunzo huchukua kama wiki mbili. Kwanza mwenye mbwa huchomeka vibendera vidogo kuufuata mpaka. Mbwa hupelekwa hapo akiwa ameshikwa kamba, akasikia mlio, akapigwa shoti, akavutwa nyuma, kisha akapewa kitu kitamu kwa sababu amerudi. Siku zikisonga, vibendera huondolewa kimoja kimoja mpaka vyote viishe. Tangu hapo hapana alama yoyote ya mpaka ambayo mgeni anaweza kuiona. Ramani imebaki kichwani mwa mbwa.

Na imebaki kwelikweli. Wauzaji husifia kwamba mbwa wengi huuheshimu mpaka hata betri ikiisha, hata kola ikivuliwa. Wapo wanaokataa kuvuka hata bwana wao akiwaita kwenda matembezini, ikabidi wapakiwe kwenye gari ili wapitishwe juu ya waya uliozimwa. Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Walikuwa wakieleza msiba wa mtu. Leo kuna biashara nzima ambayo bidhaa yake ni mshtuko huo, na udumu wake ndio huhesabiwa kuwa ubora.

Kwa nini waya badala ya ua

Swali la msingi ni hili: kwa nini mtu mwenye kiwanja, fedha na mbwa asijenge ua wa mbao au wa waya wa kawaida? Jibu halimo kwenye tabia ya mbwa. Limo kwenye historia ya nyasi.

Mwaka 1870 Frank J. Scott alichapisha nchini Marekani kitabu kilichowafundisha watu wa tabaka la kati namna ya kupamba viwanja vya nyumba zao za vitongojini. Miongoni mwa mafundisho yake ilikuwamo hoja ya kimaadili: kujizungushia ua na kumnyima jirani na mpita njia uzuri wa bustani yako ni uchoyo usiomfaa mtu mwema. Bustani ya mbele ikawa mali ya macho ya wote. Mawazo ya namna hiyo yalienea, na kufikia karne ya 20 nyasi zisizo na ua zilikuwa nembo ya maisha bora ya Kimarekani. Baadaye desturi ikawa kanuni. Vyama vya wenye nyumba, ambavyo mnunuzi hulazimika kuvikubali anaponunua nyumba katika mitaa mingi mipya, aghalabu hukataza uzio wa mbele au huamuru urefu, rangi na aina ya mbao, kwa hoja ya kulinda thamani ya nyumba.

Hapa ndipo waya unapopata soko lake. Ua wa kawaida una gharama zake: fedha za kujengea, kazi ya kuutunza, mandhari inayokatizwa, jirani anayenung'unika. Gharama hizo zote humwangukia mwenye mbwa, na ni halali yake, kwa kuwa ni yeye aliyeamua kufuga. Uzio usioonekana unamwondolea sehemu kubwa ya mzigo huo. Nyasi zinabaki wazi, thamani ya nyumba inabaki palepale, jirani anatabasamu. Lakini gharama haikuyeyuka. Imehamishiwa kwenye shingo ya mmoja tu katika kaya ile ambaye hakushirikishwa katika uamuzi na hana namna ya kuukatia rufaa.

Isitoshe, waya hufanya nusu tu ya kazi ya ua. Ua humzuia wa ndani asitoke na wa nje asiingie. Waya haumzuii yeyote aliye nje. Mbwa wa jirani, koyote kutoka msituni na mtoto mtundu mwenye mawe wote huingia watakavyo, na mbwa aliyefundishwa kutovuka mpaka hujikuta hana pa kukimbilia. Amewekewa gereza lenye milango iliyo wazi kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Kuna kasoro nyingine inayojulikana vyema na wanaouza mifumo hii. Mbwa akimwona sungura au paka na hamu ikamzidi, hupita mbio juu ya waya, akavumilia shoti kwa sekunde moja au mbili, akawa nje. Hamu inapotulia anataka kurudi nyumbani. Katika mifumo mingi ya waya kola haijui kama anatoka au anarudi, humpiga vilevile. Basi mbwa yule anayelijua lango la kwao, anayemwona bwana wake barazani, anasimama barabarani akiogopa kuadhibiwa kwa kurejea nyumbani. Kifaa kilichonunuliwa ili kumwepusha na magari kimemwacha hapohapo magari yanapopita.

Hoja za watetezi

Watetezi wa uzio huu si watu wajinga, wala wengi wao si watu wakatili. Hoja zao zastahili kusikilizwa kwa ukamilifu.

Hoja ya kwanza ni usalama: afadhali shoti ndogo kuliko tairi la lori. Ni hoja nzito, kama kweli chaguo lingekuwa hayo mawili tu. Lakini kuna ua unaoonekana, kuna kamba mkononi, kuna matembezi ya kila siku pamoja na mwenye mbwa. Kisha tuutazame ushahidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State uliochapishwa mwaka 2017 uliwauliza wenye mbwa kuhusu historia ya mbwa wao kutoroka. Miongoni mwa waliozuiliwa kwa uzio wa kielektroniki, asilimia 44 walikuwa wamewahi kutoroka. Miongoni mwa waliozuiliwa kwa ua wa kawaida, takriban asilimia 23. Kinachouzwa kwa jina la usalama kinazidiwa na mbao na misumari.

Hoja ya pili ni uhuru: mbwa wa waya hukimbia kiwanja kizima, ilhali mbwa wa mnyororo huzunguka nguzo. Naafiki kwamba mnyororo ni mbaya. Hata hivyo ubaya wa mnyororo hauufanyi waya kuwa mwema. Tangu mwaka 1979 baraza lililoishauri serikali ya Uingereza kuhusu ustawi wa mifugo lilieleza misingi inayojulikana leo duniani kama uhuru wa aina tano, na mmojawapo ni uhuru dhidi ya hofu na dhiki. Uzio huu hauna nguzo wala mbao. Unaendeshwa kwa hofu mwanzo hadi mwisho. Kuuita uhuru ni kulitesa neno lenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo ya kisomi zaidi. Wanasema shoti ni ndogo, inatanguliwa na mlio, na mbwa anaitawala kwa sababu akisimama haimpati. Wananukuu, na wana haki kunukuu, utafiti wa Hannover nchini Ujerumani wa mwaka 2007, uliowalinganisha mbwa kwa kupima homoni ya mfadhaiko. Walioweza kuhusisha shoti moja kwa moja na tendo lao walifadhaika kidogo kuliko waliopigwa bila kuelewa kwa nini. Wananukuu pia utafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, wa mwaka 2016, ambao haukuona dalili za madhara ya kudumu kwa paka walioishi ndani ya uzio wa namna hii.

Majibu yangu ni matatu. Kwanza, udogo wa shoti ni maneno ya mnunuzi. Kiwango huongezwa mpaka mbwa aitikie, kwa sababu shoti isiyouma haimzuii mbwa. Wauzaji huwaambia wanunuzi waijaribu kola mkononi mwao. Anayejaribu anajua shoti inakuja, anajua itakoma, na anaweza kuitupa kola mezani akacheka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Pili, maabara huweka wazi kinachohusishwa na shoti. Kiwanja hakifanyi hivyo. Mbwa haoni waya. Anachoona mpakani ni mtoto juu ya baiskeli, mleta barua, mbwa mwenzake. Anamkimbilia, anapigwa, na kilicho mbele ya macho yake wakati wa maumivu ni yule mtoto. Mwaka 2000 mtaalamu wa tabia za wanyama, Richard Polsky, alichapisha uchunguzi wa matukio matano ya mbwa wa uzio wa kielektroniki walioshambulia watu vikali. Ni kweli kwamba utafiti wa Ohio haukukuta uhusiano kati ya aina ya uzio na historia ya kung'ata, na matukio matano hayatoshi kutunga kanuni ya jumla. Lakini anayesema kwamba mbwa siku zote hujua kwa nini amepigwa anadai asichoweza kukithibitisha.

Tatu, udhibiti anaosemekana kuwa nao mbwa ni udhibiti wa namna gani? Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwapiga mbwa shoti wasizoweza kuzikwepa. Baadaye walipowekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa, wengi walijilaza na kuvumilia. Mbwa wa uzio hayuko katika hali hiyo, nami sitamsingizia. Yeye anaweza kukwepa. Lakini tendo moja tu ndilo linalomwokoa: kugeuka nyuma. Udhibiti wenye jibu moja lililoandikwa na mwingine huitwa utii.

Sheria inayouona mkono na kuusamehe waya

Nchi kadhaa zimelitazama jambo hili na kuamua. Mwaka 2006 Mahakama ya Shirikisho ya Utawala nchini Ujerumani iliamua kuhusu vifaa vya umeme vya kuwafundishia mbwa kwamba kinachoangaliwa ni uwezo wa kifaa kuleta maumivu makubwa, wala si jinsi mtumiaji anavyodai kukitumia. Wales ilipiga marufuku kola za umeme kwa mbwa na paka mwaka 2010, zikiwemo zile za uzio. Watengenezaji walikwenda mahakamani kupinga, wakashindwa mwaka huohuo.

England ndiyo inayonifundisha zaidi. Mwaka 2018 serikali ilitangaza nia ya kupiga marufuku kola za umeme. Baada ya maoni kukusanywa, uzio wa kielektroniki ukatolewa kwenye marufuku. Kanuni zilizopelekwa bungeni mwaka 2023 zililenga kola zinazobonyezwa kwa rimoti mkononi, na hadi Bunge lilipovunjwa mwezi Mei 2024 kwa ajili ya uchaguzi mkuu, hata hizo zilikuwa hazijaanza kutumika.

Itafakari tofauti hiyo. Ngozi ni ileile, vijiti vya chuma ni vilevile, umeme ni uleule. Mtu akibonyeza kitufe, pendekezo linamwona mkatili. Mtu huyohuyo akifukia waya, akaingia ndani kunywa chai, anaonekana mlezi mwema. Kitu pekee kilichobadilika ni mahali ulipo mkono. Na ukiangalia vizuri, mkono wenye kitufe una nafasi moja ya rehema ambayo waya hauna: unaweza kusita. Mwenye kitufe anaweza kumwona mbwa anakimbia kwa hofu ya radi, au anarudi nyumbani, akaacha kubonyeza. Waya hausiti. Hutoa adhabu saa nane za usiku sawa na saa nane za mchana, na mwenye mbwa hana haja hata ya kujua kwamba adhabu imetolewa.

Sasa hata waya unaondoka. Kola mpya hutegemea setilaiti. Mwenye mbwa huchora mpaka kwa kidole kwenye simu, na kesho anaweza kuuchora upya akiwa mji mwingine. Vipimo vya setilaiti huweza kuhama kwa mita kadhaa, hasa chini ya miti na kando ya majengo, hivyo mbwa anaweza kukumbwa na adhabu akiwa mahali palipokuwa halali jana. Teknolojia inavyokua ndivyo mkono unavyozidi kwenda mbali, na ndivyo dhamiri ya mwenye mkono inavyozidi kupumzika.

Na sisi je?

Nisieleweke kwamba natoa somo kutoka mahali pasafi. Maelfu ya mageti ya Dar es Salaam na Nairobi yana kibao cha "Mbwa Kali", na nyuma ya baadhi yake yumo mbwa anayeshinda mchana kutwa kwenye banda la bati au kwenye mnyororo, akafunguliwa usiku ili awatishe wezi. Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na utekelezaji wake kila mmoja anaujua kwa mtaa wake. Lakini mnyororo wetu una sifa moja mbaya inayoweza kutusaidia: unaonekana. Jirani anauona, mtoto anauona na kuuliza kwa nini, bwana afya wa mifugo akipita anauona. Kinachoonekana kinaweza kulaumiwa, na kinacholaumiwa kinaweza kubadilishwa. Tabaka letu la kati linaiga mengi kutoka vitongoji vile, na bidhaa za mtandaoni hazijui mipaka. Ni busara kuijua hoja kabla kola hazijajaa madukani.

Sasa lile swali la mwanzo: kwa nini mbwa, na si watu? Kwa sababu jambo hili halijaishia kwa mbwa. Mwaka 1983 huko Albuquerque, New Mexico, Jaji Jack Love aliagiza mtu wa kwanza afungwe kifaa cha kielektroniki mguuni ili asitoke nyumbani, na tangu hapo vifaa hivyo vimeenea kwa wafungwa wa nje na kwa wahamiaji wanaosubiri kesi zao. Sisemi vinapiga shoti. Sisemi pia kwamba mtu na mbwa wako sawa. Aliyefungwa bangili mguuni ana wakili, ana tarehe ya kusikilizwa, ana ulimi. Ninachosema ni kwamba mamlaka ya kila aina, ya baba nyumbani, ya mwajiri, ya dola, huvutiwa na mpaka usioonekana kwa sababu ni rahisi, ni safi na haumpigi picha mbaya mwenye nao. Anayetaka kuijua hulka hiyo aitazame pale inapofanya kazi juu ya kiumbe asiyeweza kulalamika. Juu ya mbwa hujionesha uchi.

Ninayodai ni machache. England iuzibe mwanya wake, na marufuku iufikie waya kama ilivyo Wales. Majimbo ya Marekani yazuie vyama vya wenye nyumba kukataza ua wa kawaida kwa mwenye mbwa, maana anayekataza mbao ndiye anayeagiza waya. Watunga kanuni wa kwetu waitaje kola ya umeme kwa jina kabla haijawa mazoea, na wasiisahau minyororo tuliyo nayo tayari. Na mtu yeyote anayetaka mbwa ajiulize kwanza kama yuko tayari kuulipia ua kwa fedha zake, kwa mandhari yake na kwa muda wake wa kutembea naye. Kama hayuko tayari, jibu la heshima ni kutofuga.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mbwa anayesimama ghafla katikati ya nyasi nzuri, kola ikiwa imevuliwa na betri imekufa, hajastaarabika. Anakumbuka.